Serikali Ndiyo Iliyotangulia Kuondoka

Kila muuguzi Mkenya anapopiga picha pale JKIA, begi moja mkononi na koti zito begani, lazima mtu aandike chini yake: "Mmesomeshwa na kodi zetu, sasa mnatukimbia." Mwingine atamjibu kwamba afadhali waende, walete dola. Hapo watu wanagawanyika pande mbili, wanatukanana mpaka usiku, na kesho yake inakuja picha nyingine.

Nimesoma maneno hayo mara nyingi mno. Leo nataka kuyajibu, kwa sababu yanamhusu dadangu.

Dadangu ana diploma ya uuguzi na leseni ya Baraza la Wauguzi. Tangu amalize masomo, serikali haijamwajiri hata siku moja. Anafanya kazi kwenye kliniki ya kibinafsi hapa Kakamega, zamu za usiku, Sh18,000 kwa mwezi, tena mwezi ambao mwenye kliniki ameamua kulipa. Anatundika dripu, anazalisha, anafagia, na mgonjwa akikosa pesa ya kulipa yeye ndiye anayetumwa kumwambia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo haikutosha watu wawili. Mama alituita jikoni, akasema tuchague, na hesabu ilikuwa rahisi: nesi hakosi kazi. Kila mtu kwenye ukoo alilisema hilo, kuanzia senge mpaka mwenye duka. Ng'ombe wawili wakauzwa kwa sababu ya hiyo sentensi moja. Kwa hivyo mtu anaponiambia dadangu amesomeshwa na kodi zake, ninamkubalia nusu. Ni kweli chuo cha umma kina ruzuku. Hiyo nusu nyingine ilikuwa inakamwa kila asubuhi nyuma ya nyumba yetu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu nani alimkimbia nani.

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Kaunti ndizo zinazoajiri wauguzi, na kaunti hizo hizo zimewekewa kanuni kwamba mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kanuni yenyewe si mbaya. Nia ilikuwa kuzuia magavana kujaza ofisi na mabinamu. Lakini kaunti ikibanwa, binamu hafukuzwi. Kinachosimama ni tangazo la kazi ya wauguzi. Mhudumu wa ofisi ya gavana anabaki, wodi inabaki na muuguzi mmoja usiku kucha.

Mwaka 2017 wauguzi waligoma kuanzia Juni mpaka mwanzoni mwa Novemba. Miezi mitano. Walikuwa wakidai makubaliano ya mishahara yatiwe sahihi na yaheshimiwe. Hebu fikiria ni waajiri gani wanaweza kuishi bila wauguzi miezi mitano na bado wakalala usingizi. Jibu ni waajiri ambao wakiugua wanapelekwa Nairobi, na ikizidi, India.

Kisha ikaja 2020 na corona. Ghafla serikali ikakumbuka kwamba wauguzi wapo. Maelfu ya wahudumu wa afya wakaajiriwa chini ya mpango wa afya kwa wote, wengi wakiitwa UHC mpaka leo kana kwamba hilo ndilo jina lao. Walipewa mikataba ya muda, kwa mshahara ulio chini ya ule wa mwenzao wa kudumu anayefanya kazi ile ile, kwenye wodi ile ile, na virusi vile vile. Mwaka 2025, miaka mitano baadaye, walikuwa bado wanapiga kambi nje ya Afya House, Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Hao ndio tuliowapigia makofi.

Na hapa Kakamega? Tuna hospitali kubwa ya rufaa iliyoanzwa wakati wa gavana Oparanya, iliyopangiwa vitanda 750, na ujenzi wake ukakwama miaka na miaka. Kila mwanasiasa anayekuja mjini ana ahadi kuhusu lile jengo. Sijasikia hata mmoja akipanda jukwaani Bukhungu aseme vitanda 750 vinahitaji wauguzi wangapi, na watalipwa kutoka mfuko upi. Jengo lina utepe wa kukatwa. Muuguzi hana.

Kwa hivyo wewe uliyeandika "mnatukimbia", tafadhali weka mambo kwa mpangilio. Serikali ndiyo iliyotangulia kuondoka. Dadangu alibaki kliniki akingoja irudi.

Badala ya kurudi, ikaenda London. Mwishoni mwa Julai 2021, Rais Uhuru Kenyatta akiwa ziarani Uingereza, nchi hizi mbili zilitia sahihi makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi huko. Walengwa, tuliambiwa, ni wauguzi waliohitimu na hawana kazi. Soma hiyo tena polepole. Serikali ilikubali mbele ya dunia kwamba ina wauguzi waliosoma na hawana kazi, wakati ambapo mama wa Shinyalu anajifungua akihudumiwa na mtu ambaye amekesha zamu mbili. Dawa iliyopendekezwa ikawa kuwasafirisha.

Miezi michache baadaye, Novemba, Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha yake ya rangi ya kaharabu: ajenti haruhusiwi kuja kusaka wauguzi hapa, isipokuwa kupitia njia ya makubaliano ya serikali. Kwenye karatasi ni ulinzi. Mtaani, ukifungua simu sasa hivi utakutana na ajenti kabla hujamaliza kifurushi chako cha data.

Njia ya serikali yenyewe ilikuwa nyembamba ajabu. Mapema 2022 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliopelekwa kufanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Nchi ikacheka. Vichekesho vikaandikwa. Mimi sikucheka, kwa sababu nimekaa na dadangu mezani nikimsaidia kuandika zile insha.

Baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika, kwa ule mtihani wa IELTS. Si mtihani wa kujua kama unaweza kumwambia mgonjwa ageuke upande. Unapewa mchoro wa matumizi ya maji katika miji mitatu, uueleze kwa dakika ishirini. Kuna njia nyingine: kuthibitisha kwamba masomo yako yalifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Dadangu alifurahi aliposikia hivyo, maana darasani hatukuwahi kusikia lugha nyingine. Shuleni tulivalishwa kibao shingoni kwa kusema Kiluhya. Lakini kuna sharti: angalau asilimia 75 ya mazungumzo yake ya mafunzo wodini yawe yalikuwa kwa Kiingereza.

Wodini! Kakamega! Kukhu amelazwa, ana kisukari, haoni vizuri, na wewe umsemeshe Kiingereza ili ujaze asilimia? Dadangu aliongea nao Kiluhya na Kiswahili, kama muuguzi yeyote mwenye akili. Akafanya kazi yake vizuri, na kwa sababu aliifanya vizuri, mlango huo ukamfungia.

Tuzungumze basi kuhusu milango, kwa sababu vijana wengi wanaosoma hapa wana dada, mpenzi au wao wenyewe wako kwenye foleni, na ajenti hatawaambia.

Uingereza: ukishafaulu Kiingereza, Baraza lao linatoza pauni 140 kukagua vyeti vyako, pauni 83 kwa mtihani wa kompyuta, pauni 794 kwa mtihani wa vitendo ambao unaufanyia huko huko, na pauni 153 kukuandikisha. Jumla pauni 1,170, karibu laki mbili zetu. Hospitali nzuri hurudisha sehemu ya hizo pesa, nyingine hurudisha zote, lakini kwanza uwe nazo. Mwaka 2025 muuguzi mgeni kwenye hospitali za umma Uingereza alianza na takriban pauni 31,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya laki nne kwa mwezi kabla ya kodi na kodi ya nyumba. Viza yako imefungwa kwa mwajiri. Kazi ikiisha, kwa kawaida una siku 60 kupata mwajiri mwingine au kufunga virago. Na ukitaka kuondoka mapema, kuna mikataba inayokudai maelfu ya pauni.

Marekani: mtihani wa NCLEX, vyeti vikaguliwe, upate mwajiri, kisha ungoje. Zuri lake ni kwamba ukifika unaingia na kadi ya ukaazi, na mume au mke na watoto wako. Baya lake ni foleni. Kila mwezi Marekani hutoa tangazo la tarehe zilizofikiwa, na tarehe hiyo inaweza kusonga mbele, kusimama, au kurudi nyuma. Wapo watu waliofaulu mtihani zamani na maisha yao yanasubiri tangazo la mwezi ujao.

Ujerumani: Septemba 2024 Rais Ruto na Chansela Olaf Scholz walishuhudia makubaliano ya wafanyakazi yakitiwa sahihi Berlin. Habari zikaenea kwamba kazi 250,000 zimetengewa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ikakanusha kwamba kuna idadi yoyote kwenye makubaliano hayo. Idadi ilikufa, lakini vyuo vya Kijerumani vilivyofunguliwa juu ya maduka ya M-Pesa havikufa. Muuguzi anahitaji Kijerumani cha kiwango cha B1 au B2 na cheti chake kitambuliwe. Hiyo ni miezi mingi ya kusoma, kwa mtu anayefanya zamu za usiku.

Ghuba: mlango wa haraka kuliko yote. Vyeti vikaguliwe, mtihani wa kompyuta, uende. Ila kwa nchi nyingi za huko, mfumo wa kafala unamfanya mwajiri awe mwenye funguo za maisha yako, na hata ukifanya kazi miaka ishirini hutakuwa raia.

Na kuna mlango wa tano ambao nilitaka usitajwe, lakini ndio uliotuumiza. Februari 2022 Uingereza iliwafungulia viza walezi, watu wa kuwaosha na kuwalisha wazee. Wauguzi wetu wengi waliochoka kungoja wakasema sawa, nitaenda hata kama mlezi, huko mbele nitajipanga. Machi 2024 wakakatazwa kwenda na familia. Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa wanaotoka nje. Kati ya kufunguliwa na kufungwa kulikuwa na miaka mitatu na ushee ya ajenti kuuza karatasi.

Ajenti wetu alikuwa na ofisi mjini, picha ya daraja la London ukutani na msichana wa mapokezi aliyetuita "familia". Alichukua Sh85,000 ya "kushughulikia". Alitupa barua yenye nembo. Mimi, mwandishi wa nyumba, mtu wa maneno, niliisoma ile barua mara tatu na nikasema iko sawa. Kampuni iliyotajwa haikuwa kwenye orodha ya waajiri walioruhusiwa kuleta wageni, orodha ambayo serikali ya Uingereza huiweka wazi bure kwa mtu yeyote mwenye simu. Sikuangalia. Tuliporudi, ofisi ilikuwa inauza wigi.

Nasema hivi ili usidhani ninahubiri nikiwa juu ya mti. Kanuni za Uingereza zinasema ajenti hapaswi kumtoza muuguzi au mlezi ada ya kumtafutia kazi. Mwajiri ndiye analipa. Kenya nayo ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira inayosajili mawakala, na orodha yake iko wazi. Sasa niulize: tangu lini umesikia hayo mambo mawili yakitangazwa kwenye redio kwa Kiluhya, kwa Kiluo, kwa Kikalenjin, kwa bidii ile ile ambayo tulitangaziwa "fursa za kazi majuu"? Majirani zetu wa Uasin Gishu walipelekwa na kaunti yenyewe. Wazazi walilipa, wengine wakauza mashamba, watoto waende kusoma Finland na Canada, na 2023 walikuwa barabarani Eldoret wakililia pesa zao. Pale mpango ulikuwa na muhuri wa serikali.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mgala muue na haki yake mpe. Shirika la Afya Duniani linataka madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000. Kenya haijafika hapo. Nchi isiyojitosheleza inawezaje kugawa wauguzi? Na kuna jambo baya zaidi ambalo wapenda dola hawalisemi: makubaliano yaliandikwa kwa ajili ya wasio na kazi, lakini waajiri wa nje wengi wanataka mwenye uzoefu. Dadangu, ambaye kaunti haijampa kazi, hana uzoefu wa wodi kubwa. Anayechukuliwa ni yule sista wa wodi ya mahututi au wa chumba cha upasuaji, aliyejengwa miaka kumi. Anaondoka yeye, na nafasi yake haitangazwi. Dadangu anabaki kliniki, wodi inabaki na pengo, na wanaoumia ni wawili: mgonjwa na nesi wa pili.

Hivyo basi, ndiyo, watu wanaumia wauguzi wakiondoka. Lakini ukishakubali hivyo, hasira yako inapaswa kupanda ngazi mpaka kwa yule mwenye kalamu ya kuajiri. Kumtukana msichana aliyeko uwanja wa ndege ni rahisi kwa sababu hana walinzi.

Na hizo dola? Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95. Waziri gani hatazipenda? Hazihitaji barabara, hazihitaji mbolea, hazigomi. Ila usinidanganye kwamba ni sera ya afya. Pesa ya dadangu itaweka mabati kwa Mama. Haitamgeuza kukhu kitandani saa nane za usiku. Kakamega hii inaijua vizuri hadithi ya utajiri unaoondoka: miaka ya 1930 wageni walijaa hapa kuchimba dhahabu, na Rosterman imebaki jina na mashimo.

Mimi sitaki wauguzi wafungiwe mlango. Atakayeniletea mswada wa kuwalazimisha wabaki, nitampinga, kwa sababu huwezi kumfunga mtu kwenye nyumba ambayo umekataa kuiezeka. Ninataka mambo matatu.

La kwanza, kila muuguzi wa umma akiondoka, nafasi yake itangazwe na kujazwa ndani ya siku 90. Iwe sheria, na gavana asiyeitimiza aulizwe na bunge la kaunti. Pesa zake zilikuwa kwenye bajeti mwezi uliopita. Ziko wapi mwezi huu?

La pili, nchi inayomchukua muuguzi imlipie mwingine. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za 2010 zinazungumzia manufaa ya pande zote mbili. Basi manufaa yaandikwe kwa namba: mmoja akienda, mmoja asomeshwe na alipwe mshahara hapa, kwa pesa yao. Tukisaini makubaliano mengine bila kifungu hicho, tuite kitu kwa jina lake: tumetoa bure.

La tatu, mtu anayepita njia ya makubaliano ya serikali asilipe mtihani kutoka mfukoni. Ikiwa serikali inasema mpango ni wa wasio na kazi, inajua hawana pesa. Na ajenti anayetoza ada ashtakiwe, jina lake litangazwe kwenye redio ya lugha ya mama, si kwenye gazeti la serikali ambalo Mama hajawahi kuliona.

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Abuja 2001 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Bado tunasubiri. Hatuombi kitu kipya, tunadai ambacho walisaini wenyewe.

Dadangu anafanya mtihani wa Kiingereza Jumamosi, Nairobi, mara ya pili. Atatoka zamu Ijumaa asubuhi, aoge, apande gari la usiku. Jana alikuwa ananisomea insha yake kuhusu faida na hasara za kufanyia kazi nyumbani, na katikati simu ikaita: kliniki, kuna mama ameletwa na boda, mtoto anatoka. Akaacha kalamu, akaenda. Sikuwa na saa, lakini insha ilikuwa ya dakika 40 na alikuwa amebakiza nusu.

Mtoto yuko salama. Ni msichana. Wewe uliyeandika "mnatukimbia", ungekuja umuone. Halafu ukitoka hapo, ofisi za kaunti ziko karibu, waulize ni lini wataajiri.